Komeo la Nje

Hoteli ilipofunguliwa, kaka mtu alimwalika dada yake mdogo akalale bure kwenye nyumba waliyozaliwa, ambayo sasa ndiyo hoteli yenyewe. Dada, fundi cherehani anayekula kwa jasho lake, hakufuata mashuka meupe. Alikwenda na jambo moja lililomkaa kooni tangu utotoni: kaka yake aseme, hata mara moja tu, komeo lile la mlango wa chumba cha mama lilikuwa la kazi gani.

Ofisi ya marehemu baba aliikuta imegeuzwa baa. Stoo ya mkaa imekuwa chumba cha kukandwa mwili, na watu wazima na akili zao wanalipa ili walale mle. Kaka, aliyeiuza nyumba akabakiziwa kazi ya kuwatembeza wageni, alivaa tai na kuwaongoza ghorofani hadi chumba cha mama. Komeo la shaba lilikuwa palepale, upande wa nje, limesuguliwa likang'aa.

Mgeni mmoja akauliza mbona liko nje. Kaka akajibu kwa macho makavu kwamba marehemu mama alipenda vito, na humo ndimo alimovihifadhi. Wageni wakapiga picha.

Vito! Mama alikuwa na pete moja, na hiyo nayo baba aliiuza. Aliyehifadhiwa mle ni mama mwenyewe, kila alipothubutu kumjibu mumewe mbele ya watu. Aliyetumwa kusukuma komeo alikuwa kaka huyuhuyu, enzi za kaptura. Mama aligonga taratibu na kusema, "Mwanangu, nifungulie." Naye alijibu, "Baba amekataa," akaenda zake kucheza. Fundi, wakati huo mtoto mdogo, alibaki pale mlangoni akinyoosha mikono, na komeo halifikii.

Wageni waliposhuka kunywa chai, fundi alimzuia kaka yake. Alimwambia hataki kuombwa radhi, wala hana haja ya kumwaibisha mbele ya watu. Anataka ukweli tu, wakiwa wawili.

"Mdogo wangu, hayo yamepita," kaka akasema. "Nilikuwa mtoto. Sikumbuki kitu."

Fundi hakubishana. Alisema pazia la mle ndani limeshonwa ovyo, hebu akalitazame. Kaka, ambaye nyumba hii alianza kuionea uchungu baada ya kuiuza, aliingia mbiombio. Komeo likateleza nyuma yake bila kelele, kwa jinsi lilivyotiwa mafuta.

Kwanza alicheka. Kisha akatikisa mlango, akatishia kwamba atamwita meneja. Fundi alisimama ukumbini, mkono ungali juu ya shaba. Siku hizi komeo lilimfika kifuani tu. Mara mlango ukagongwa taratibu.

"Mdogo wangu, nifungulie."

Fundi alisogeza mdomo karibu na ubao.

"Baba amekataa," akasema.

Mle ndani kaka hakuuliza ni baba gani. Alianza kulia, na fundi akashuka kunywa chai.