Dhamana ya Bango

Nitasema, na atakayenuna anune. Watu wa kijiji chetu hawajanisamehe mdomo wangu wa mwaka sabini na tano, na mimi sijawasamehe wao, kwa hiyo tuko sawa.

Mwaka ule ndio tulihamishwa, nyumba zote zikapangwa mistari, na mistari yote ikategemea kisima kimoja. Kisima chenyewe ni jicho la maji katikati ya mwamba. Kiangazi kikikaza, maji mengine yako upande wa Ikungi, mwendo wa asubuhi nzima. Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja tu, Nyange, mweupe, baba yangu mzee Manase alinipa nilipomzaa Damiani. Alikuwa na mimba ya kukaribia kuzaa, tumbo limeshuka, hata kupanda kilima hawezi. Bila kisima kile Nyange hana maisha, na bila Nyange watoto wangu wanateremsha ugali kwa maji.

Mwezi wa tisa akaja Ndugu Simoni, bwana maji kutoka wilayani, na baiskeli na mkoba. Akatusomea sheria mpya: maji ni mali ya taifa, anayeyachafua ana kosa. Tukapiga makofi kwa moyo wote. Nani anataka kunywa uchafu? Akasema kila kisima kiwe na bango, na bango lisimame penye maji.

"Penye maji wapi, ndugu?" akauliza Melkizedeki, katibu wa kijiji.

"Penye maji," akajibu Simoni, akapanda baiskeli yake.

Wakalisimika ndani ya maji. Usicheke. Pembeni kote ni mwamba, shimo halichimbiki, na Melkizedeki hakutaka kuonekana amepunguza neno la serikali. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Melkizedeki alikuwa na upara tangu ujana.

Bango lilitengenezwa na mume wangu, Ignas. Ndiye alikuwa mtunza josho, pale tunapoogesha ng'ombe dawa ya kupe. Sasa kwetu mchwa hawana adabu: nguzo unayosimamisha leo, masika ijayo ni unga. Kwa hiyo kila mwanaume anayejenga huloweka nguzo zake joshoni wiki nzima kwanza. Ghala zetu zote zilisimama kwa dawa ya kupe. Ile ya bango Ignas aliiloweka wiki mbili, kwa kuwa ni ya serikali.

Siku ya tatu, dawa ilipokolea majini, mbuzi watatu wa jirani yangu Stumai wakanywa pale, wakafa palepale miguu juu, chini ya maandishi mekundu: NI KOSA KUCHAFUA MAJI.

"Ignas," nikamuuliza, "ile nguzo uliiloweka?"

"Sasa mama Damiani, nisingeiloweka si ingeliwa?"

Mwee! Nilitamani kumpiga mwiko wa kichwa.

Tukaenda kwa Melkizedeki, mimi na Stumai, Ignas nyuma yetu, bango liondolewe. Akasema haiwezekani, anayeng'oa bango la kisima ana kosa kubwa kuliko hata anayechafua. Ataandika barua wilayani, majibu mwezi ujao. "Kwa sasa naweza kuweka bango la pili," akasema, "la kuwaonya watu juu ya lile la kwanza." Akamtazama Ignas. Na Ignas, Mungu amsamehe, akauliza nguzo aanze kuiloweka lini.

Siku kumi nilibeba debe kichwani kutoka upande wa Ikungi. Nusu watoto, nusu Nyange. Debe nusu kwa ng'ombe mwenye mimba ni mate tu. Macho yake yaliingia ndani, akawa ananifuata kwa shingo kila nikipita. Niliogopa, sifichi.

Habari za mbuzi zikamrudisha Simoni, ukaitishwa mkutano. Nikasimama. Kwetu mwanamke hasimami hivihivi mbele ya wazee, nikawaamkia kwanza shikamoo zao zote, hata hivyo wazee walinuna.

"Ndugu Simoni, anayechafua maji anafanywa nini?"

"Anakamatwa."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa nani. Sheria haina mjomba wala shangazi."

"Basi mkamate yule aliyesimama kisimani."

Watu wakaangua kicheko. Simoni hakucheka. Akafungua mkoba, akasoma kurasa, akarudia, jasho linamtoka. Mwishowe akatangaza kwamba kung'oa bango ni kosa, ila hapakuandikwa popote kwamba bango halikamatwi. Mgambo wawili, Andrea na Idrissa, wakavua viatu wakaingia majini. Andrea akalifunga kamba. Idrissa akaliuliza jina, akangoja kidogo, akaandika kwamba mtuhumiwa amekataa kujibu. Lilipotoka, wanawake tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka.

Likabaki swali mtuhumiwa akae wapi. Mahabusu hatuna, na ofisi ya kijiji imejaa mbegu. Simoni akaamua apewe dhamana, mdhamini awe Ignas aliyemtengeneza. Asifichwe, asifutwe maandishi, asimame wima panapoonekana mpaka kesi, siku thelathini. Pakachaguliwa mbele ya zizi langu. Ningeweza kubisha, na kubisha ninakujua. Sikubisha. Kwa furaha niliyokuwa nayo, mradi liwe mbali na maji, hata kitandani kwangu lingelala.

Tukakichota kisima kwa vibuyu siku mbili mpaka mwamba ukaonekana, maji mabaya tukayamwaga mbali kwenye majabali, yakachimbuka mapya. Nyange akanywa. Akanywa, akapumua, akanywa tena, na mimi nikalia mbele za watu.

Siku ya nne nikarudi kutoka kukata majani, nikamkuta ameuweka ulimi kwenye nguzo ya bango. Analamba polepole, amefumba macho. Kiangazi ng'ombe wana njaa ya chumvi, na dawa ya josho ina chumvichumvi, kila aliyekulia kwenye zizi anajua. Nami nilijua. Nilipiga kelele ya kuamsha wafu, lakini nguzo ilikuwa imelambwa ikang'aa. Jua halijazama, Nyange alikuwa chini. Nikaweka mkono tumboni, nikamsikia ndama anarusha miguu. Halafu sikumsikia tena.

Melkizedeki akaja na daftari. Akalizunguka bango, akaniuliza ng'ombe alipewa ruhusa na nani kugusa kielelezo cha kesi. Nyuma yake wanaume walishafika na visu na beseni, nikawafukuza kwa panga, nyama ile hailiwi.

Ignas akasimama na jembe, uso umemvimba kwa kulia, akaniuliza achimbe wapi. Udongo laini uko mteremkoni, juu ya kisima. Nikamwonyesha upande wa pili kabisa, kwenye kokoto, sumu isije ikateremkia majini. Alichimba siku mbili. Mimi nilikaa nafukuza mbwa na nzi, na kisimani nilisikia wanawake wakichota maji na kucheka.