Ekstensheni Kumi na Saba

Subira alikuwa amekaa kwenye swichibodi ya kampuni ya malori ya Mzee Zacchaeus miaka kumi na miwili alipoletewa mashine ya kumnyang'anya simu.

Hakuambiwa hivyo, bila shaka. Aliambiwa kwamba mambo yamebadilika, kwamba huu ni mwaka wa tisini na nne, na kwamba mteja wa leo hakubali kukaa na simu sikioni akingoja kuunganishwa. Mzee Zacchaeus aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni, huku akiitazama saa yake badala ya kumtazama yeye. Hapo ndipo moyo wa Subira ulipoanza kuingiwa na wasiwasi. Katika miaka yote hiyo Mzee hakuwahi kuzungumza naye akiangalia pembeni.

Kampuni ilikuwa kwenye barabara inayoteremka bandarini Kisumu, karibu na reli. Malori yake yalibeba mchele kutoka Ahero na samaki wa Asembo Bay waliofukiwa kwenye barafu, yakaenda Nairobi na kurudi na simiti. Kazi yote ililetwa na simu, na kila simu ilipita mikononi mwa Subira. Alizaliwa Kaloleni hapo mjini, akakua akisema Kiswahili nyumbani na Kijaluo barabarani, na wateja waliijua sauti yake hata wale ambao hawakuwahi kuiona sura yake. Mwenye mchele akipiga, Subira anamuunganisha na Ouma. Mwenye samaki anapelekwa kwa Awuor. Anayetaka mzigo wa Nairobi anapewa Wahu, msichana aliyeletwa na Mzee miezi mitano iliyopita kutoka kwao Nyeri, mtoto wa dada yake.

Fundi wa mashine mpya aliitwa Waliaula. Alikuwa mtu wa Bungoma, mpole, wa maneno machache. Kwa siku mbili alitoboa kuta na kupitisha nyaya, na siku ya tatu akakaa chini mbele ya sanduku la rangi ya kijivu, karatasi ikiwa juu ya goti, akawa anabonyeza namba.

"Hebu nieleze, fundi," Subira alimwambia. "Simu ikiingia sasa, itaenda wapi?"

"Inaanza kwa Ouma, ekstensheni kumi na moja. Ouma akiwa anaongea, inaruka kwa Awuor, kumi na mbili. Awuor naye akiwa na mtu, inaendelea kwa anayefuata. Wote wakishindwa kuipokea, hapo ndipo inakuja kwako."

"Na mimi nitajua vipi nani amepiga na nani amepokea?"

Waliaula aliinua macho. "Hutajua, Mama. Nimeambiwa ndivyo ofisi inavyotaka."

"Ofisi ni nani?"

Fundi aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. "Mimi nafuata nilichoandikiwa," akasema.

Jioni hiyo Awuor, aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, alimvuta kando ya lango. "Subira, usikasirike. Kuna mtu amemwambia Mzee kwamba wewe unasikiliza simu za wateja, halafu unauza kazi kwa malori ya watu wengine."

Subira alimgeukia. "Nani amesema?"

"Sijui. Lakini Mzee ameamini. Ndiyo maana ya hiyo mashine."

Usiku ule Subira hakulala vizuri. Alimpitisha kila mtu akilini. Ouma, hapana, Ouma alikuwa mvivu wa kusema hata habari zake mwenyewe. Bildad, mwenye stoo ya matairi na vipuri, alikuwa mtu wa kanisa, kila asubuhi alipita dirishani kumsabahi na kumuuliza hali ya mama yake. Aliyebaki ni Wahu. Wahu aliyekula chakula cha mchana na mjomba wake. Wahu aliyeshusha sauti watu walipoingia. Tena tangu kura za mwaka wa tisini na mbili watu mjini walikuwa wakipima maneno wakiwa na mtu wa kwao mbali, na Subira, ambaye kabila lake mwenyewe watu hawakujua waliweke wapi, alijiona naye akifanya yaleyale. Kufikia asubuhi alikuwa amekwisha kata shauri kuwa ni Wahu.

Mashine ikaanza kazi. Laini, ambazo zamani zilikuwa mbili, sasa zilikuwa nne. Asubuhi ofisi ya malori ililia kama kundi la ndege, na Subira alikaa mbele ya simu yake iliyonyamaza, akihesabu vigae vya sakafuni. Kila mlio uliosikika chumba cha pili ulimchoma. Alijikuta akitega sikio, yeye ambaye hakuwahi kusikiliza simu ya mtu.

Wiki ya tatu dereva mmoja alirudi kutoka Asembo Bay na ujumbe mbaya. Mama Nasambu, mfanyabiashara mkubwa wa samaki huko, alikuwa amemtukana hadharani. "Amesema sisi tumekuwa watu wakubwa," dereva alisema. "Amepiga simu mara tatu, mara zote anaambiwa hakuna lori. Samaki wake wamechukuliwa na lori lenye turubai la buluu."

Subira aliangalia uani. Malori mawili yalikuwa yameegeshwa pale tangu juzi, madereva wamelala chini yake.

"Ni nani aliyemwambia hakuna lori?" aliuliza.

"Hakusema. Amesema tu ni mtu wa ofisini."

Awuor aliapa kwamba si yeye. Ouma naye vilevile. Siku mbili baadaye mwenye mchele wa Ahero alilalamika hivyohivyo, naye mzigo wake ulikuwa umekwenda kwenye turubai la buluu.

"Mnaona?" Subira aliwaambia wenzake wawili kwa Kijaluo, wakiwa kwenye chai. "Mimi simu hazinifikii tena, na kazi bado inauzwa. Basi anayeuza amekaa palepale mlipo ninyi. Nani mwingine kama si yule msichana?"

Hakulitaja jina, wala haikuwa lazima. Tangu siku ile Wahu akiingia chumbani mazungumzo yalikatika. Chai yake iliachwa ikapoa bila mtu kumwita. Ouma, ambaye zamani alimtania, sasa alimpa karatasi za mizigo bila kumtazama. Subira aliyaona yote hayo, na sehemu fulani ya moyo wake ilifurahi, kwa maana alikuwa akimtazama mtu mwingine akipita alipopita yeye.

Kisha siku ya Alhamisi, wengine wakiwa wamekwenda kula, Wahu alikuja akasimama mbele ya meza yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama Subira, nikuulize kitu. Umeifunga simu yangu?"

"Mimi? Niifunge vipi?"

"Sijui. Wewe ndiye unayejua mambo ya simu. Tangu mashine iwekwe, yangu inalia mara mbili, mara tatu kwa siku. Ouma na Awuor wanaongea mpaka wanakauka koo, mimi nakaa tu. Mjomba ananiuliza ninafanya kazi gani. Nilidhani umenifunga kwa sababu hamnipendi."

Subira alitaka kujibu kwa ukali, lakini akajizuia. Kama simu ya Wahu hailii, basi Wahu anazungumza na wateja saa ngapi? Alimtazama yule msichana. Ama alikuwa mwongo hodari kuliko umri wake, ama alikuwa anasema kweli. Hakujua ni lipi. Lakini jambo hili lingeweza kupimwa.

"Rudi kwenye meza yako," alisema. "Inua simu ya Ouma uiweke pembeni, na ya Awuor pia, mashine idhani wanaongea. Kisha kaa ungoje yako ilie."

Wahu alipomaliza, Subira alichukua laini ya nje, akapiga namba ya kampuni yenyewe. Sikioni simu ikaanza kuita. Aliinama ili amwone Wahu kupitia mlango uliokuwa wazi. Msichana alikuwa ameiwekea simu yake mikono kama mtu anayeota moto. Simu haikulia.

Lakini mahali fulani kulikuwa na simu inayolia. Kwa kuwa madereva walikuwa wamekwenda kula na uani hakukuwa na injini hata moja iliyokuwa ikinguruma, Subira aliisikia kupitia dirishani, ndogo na ya mbali, kutoka ng'ambo ya ua. Ililia stoo ya matairi. Ikakatika, na papo hapo sauti ya mwanamume ikamjia sikioni.

"Hallo, ofisi ya malori."

Subira aliikaza simu sikioni.

"Hallo? Ni Ahero hapo?" Bildad aliuliza. "Mzigo ni gunia ngapi?"

Subira aliweka simu chini taratibu, kama vile ingeweza kuamka. Alikumbuka ekstensheni kumi na saba, ile iliyowekwa stoo eti ya kuagizia vipuri. Wahu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, kwani naye alikuwa ameisikia ile simu ikilia uani.

Mzee Zacchaeus hakutaka kusikia. Aliwasikiliza wote wawili akiwa amefunga macho, kisha akasema kwamba Bildad walitoka naye mbali, kwamba walisali kanisa moja, na kwamba ni Bildad huyohuyo aliyemfungua macho kuhusu mambo ya simu.

"Kuhusu mimi," Subira alisema.

Mzee alifungua macho.

"Na ile karatasi ya fundi, Mzee, nani aliiandika?"

"Niliwaachia Bildad na fundi. Mimi najua malori, sijui nyaya."

"Basi sikuombi uniamini. Nakuomba uvuke barabara tu, dakika kumi."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la Mbarak, jirani yao wa miaka mingi. Wahu alirudi ofisini kuwaambia Ouma na Awuor wainue simu zao. Subira alimweleza Mbarak la kufanya. Mbarak alisita, akamtazama Mzee, na alipoona uso wa Mzee haukatazi, akapiga.

"Hallo," alisema kwa sauti nzito. "Mimi ni mtu wa mchele hapa Ahero. Nataka lori la kesho, gunia mia mbili."

Aliugeuza mkono wa simu kidogo, Mzee Zacchaeus akainama na kuweka sikio lake karibu na la Mbarak. Subira alisimama hatua mbili nyuma. Hakuweza kusikia maneno, ila aliiona shingo ya Mzee ikizidi kuinama.

"Aa, kwetu yote yako safarini mpaka wiki ijayo," Bildad alikuwa akisema, kama Mbarak alivyowasimulia watu baadaye. "Lakini usihangaike, kuna shemeji yangu ana malori mazuri, turubai la buluu. Nitamtuma kwako asubuhi."

"Ahsante. Na yule mama wa siku zote, mbona hapokei tena?"

"Yule?" Bildad alicheka. "Yule tumemweka kando. Wewe piga saa hizi hizi, watu wakiwa na kazi nyingi, utanipata mimi."

Mzee Zacchaeus aliuchukua mkono wa simu kutoka kwa Mbarak, akaurudisha mahali pake yeye mwenyewe. Kisha akakaa juu ya mfuko wa simiti, na suti yake yote.

"Mimi ndiye niliyesimamia harusi ya dada yake," alisema. "Huyo shemeji, mimi ndiye niliyesimama na yeye kanisani."

Mbarak alimletea maji kwenye kikombe cha bati, akayanywa yote.

Hakukuwa na kelele. Mzee alivuka barabara, akaingia stoo ya matairi na kufunga mlango, na baada ya nusu saa Bildad akatoka na koti lake begani. Alipopita dirishani kwa Subira alisimama, kama alivyosimama kila asubuhi.

"Umefurahi sasa?" aliuliza.

Kilichomshangaza Subira ni kwamba hakufurahi. Alikuwa anafikiria asubuhi zote zile ambazo mtu huyu alimuuliza habari za mama yake, na jinsi alivyomjibu kwa moyo mweupe.

Waliaula aliitwa siku iliyofuata. Alipoisikia habari aliitoa ile karatasi kwenye mkoba wake bila kuombwa, akamkabidhi Mzee. Maandishi yalikuwa ya Bildad: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na saba ya stoo, ndipo kumi na tatu ya Wahu. Mzee aliitazama, akaichana, kisha akampa Subira kalamu.

"Andika wewe, Mama Subira. Simu zipite unavyotaka." Akakohoa. "Nilikuwa nimeambiwa, unaelewa. Mtu akikuambia jambo kila siku..."

"Naelewa, Mzee," Subira alisema, na alielewa kweli, vizuri kuliko Mzee alivyodhani.

Alikwenda chumba cha pili na karatasi tupu mkononi. Wahu alikuwa anapanga hati za mizigo. Tangu jana Awuor alikuwa amemletea chai mara mbili, naye hakuigusa.

"Mwanangu," Subira alisema, "nataka kukuweka wa kwanza kwenye foleni. Simu zianze kwako."

"Niweke baada ya Awuor, palepale nilipopaswa kuwa."

"Wahu, nimekukosea. Mimi ndiye niliyewaambia hawa kwamba ni wewe."

"Najua. Awuor aliniambia." Wahu aliendelea kupanga karatasi zake, akizilinganisha kingo kwa vidole. "Wiki zote tatu nilikuwa hapa, hatua sita kutoka kwenye meza yako. Hukuja kuniuliza hata mara moja."

"Sikuja."

"Ningekuambia simu yangu hailii."

Subira alisimama pale na karatasi yake tupu. Nje dereva aliwasha lori ili lipate moto kabla ya safari ya Asembo Bay. Mama Nasambu alikuwa amekubali kuwajaribu tena, lakini kwa sharti kwamba azungumze na Subira mwenyewe na si mtu mwingine. Waliaula aliita kutoka kwenye sanduku lake, akitaka orodha.

Subira aliinama kwenye pembe ya meza ya Wahu, akaandika: kumi, yaani yeye mwenyewe, kisha kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi na saba hakuiandika. Akampa Wahu karatasi aisome kwanza. Wahu aliisoma polepole, kutoka juu mpaka chini, kisha akairudia tena kana kwamba bado kulikuwa na namba nyingine iliyofichwa mle ndani, ndipo akamrudishia.

"Iko sawa," alisema, na kugeukia kazi yake.