Wifi Afundishwa Gemu

Tangu Mudathir arudi kutoka Dubai na mashine ya gemu, nafasi ya mkekani ubavuni mwake ilikuwa ya dada yake mdogo, Naima. Kila jioni, pale kwao Temeke, waliingia wawili kwenye mapango ya mazimwi. Sasa kaoa, na mkewe, Munira, naye anataka kucheza.

"Mfundishe wifi yako," alimwambia Naima akitoka kwenda kuswali.

Amfundishe! Roho ilimuuma Naima, lakini akatabasamu.

"Wifi, ukiingia pangoni timua mbio mpaka katikati. Dawa kunywa zote mwanzoni, upate nguvu."

Munira akafuata. Mazimwi wakamzingira, dawa hana, akafa. Akarudia, akafa tena.

Mudathir aliporudi alicheka mpaka machozi. "Nani kakufundisha hivi?"

Munira akamtazama Naima. "Hakuna. Kichwa changu tu kizito."

Basi Mudathir akachuchumaa, akaifunika mikono ya mkewe kwa mikono yake. "Taratibu. Simama mlangoni, waje mmoja mmoja. Dawa itunze."

Yalikuwa maneno yale yale Naima aliyofundishwa na kaka yake alipoanza kucheza.

"Mdogo wangu," akasema bila kugeuka, "hebu nipishe hapo nikae."