Asiyesindikiza Wageni

Mukundwa, Maman Kalisa kwa waliomzoea, alikuwa ameanguka mara moja tu, tena bila kuvunjika kitu. Mvua ililainisha kinjia cha kushuka kutoka kwake hadi barabara ya Nkanka, mguu ukateleza, akajikuta amekaa kwenye tope. Aliinuka mwenyewe, akacheka. Lakini woga ulipanda naye hadi nyumbani na haukutoka tena.

Kwanza aliacha kuchota maji, kisha misa. Hakumweleza mtu. Mjane aliyelima vilima hivi tangu arudi kutoka Kongo angeanzaje kusema anaogopa kinjia?

Shida ikawa wageni. Huku mgeni haachwi mlangoni: unamsindikiza, mnasimama, mnaanza maneno upya, mnaendelea hadi barabarani. Ukimuaga mlangoni, umemwambia asirudi. Mukundwa kila mara alisingizia chungu kilicho motoni. Chungu gani hicho kisichoiva? Wageni walielewa walivyoelewa, wakapungua mmoja mmoja.

Alibaki Véronique wa Bukavu, huko Kongo, aliyekua naye mtaani Kadutu. Kila Jumanne alivuka mpaka kununua sambaza, wale dagaa wa ziwani, akapanda kumsalimia. Siku moja jirani, Joselyne, alileta habari kwamba Véronique analalamika: Mukundwa amemchoka, atapita mara moja tu kumaliza heshima, basi.

Jumanne iliyofuata Véronique alikunywa chai haraka, akaaga. Alisimama kidogo uani, akingoja. Mukundwa alishika mlango, miguu ikagoma. Rafiki yake akageuka, akaenda.

Bila mwanamke huyu, wiki nzima ingepita bila mtu kutaja jina lake. Akavua viatu, akakaa chini, akaanza kushuka kwa makalio, ameng'ang'ania majani, machozi yakimtoka. Karibu na barabara alisimama, akageuza kitenge ndani nje ili tope lisionekane, na hatua za mwisho akazitembea wima kama mwenye shamba.

Véronique alikuwa amengoja pikipiki muda wote huo, na sasa alikuwa anapatana nauli na mtu wa pikipiki. Alipomwona, uso ukamfunguka.

“Maman Kalisa! Nilifikiri ulishaka kunichoka.”

“Hapana, dada. Muntu anachokaka ndugu yake?”

Walikumbatiana. Ilikuwa nafasi ya kusema yote, na maneno yalimfika mdomoni. Lakini Véronique alikuwa na furaha kiasi kwamba Mukundwa aliona haya kuiharibu. Véronique aliahidi kurudi Jumanne ijayo, akapanda pikipiki, akapunga mkono mpaka kona ikamficha.

Mukundwa aligeuka, akatazama juu. Akainua mguu kukanyaga kinjia, akaurudisha chini. Akakaa kwenye jiwe kando ya barabara. Watu walipita, wakamsalimia, naye akawaitikia vizuri. Jua lilipoanza kushuka, Joselyne alitokea na jembe begani, akashangaa kumkuta pale.

“Maman Kalisa, uko muzima?”

Mukundwa alitamani sana kumshika mkono.

“Niko muzima,” akasema. “Nangojea muntu.”

Joselyne akamtakia jioni njema, akapanda kwake.