Maganda ya Chungwa Mlangoni

Mbegu za nyanya zilikuwa zimekaukia ndani ya taa ya mbele iliyovunjika. Cosmas, fundi rangi, aliziona alipoinama na msasa wake. Kuanzia chini ya taa, kwenye rangi nyeupe ya gari la Bwana Lupakisyo, mchubuko wa bluu ulikuwa umetambaa ubavu mzima wa kushoto hadi mlango wa nyuma.

"Tumegonga nyani," alisema Ashrafu, dereva, kabla hajaulizwa. "Jana, pale hifadhini Mikumi. Unawajua nyani wa pale walivyo."

Cosmas aliwajua. Hakuwahi kumwona hata mmoja wa bluu, wala aliyebeba nyanya.

"Saa nane liwe barabarani, fundi. Mzee ana wageni Mikumi."

"Leo hii? Ashrafu, ubavu mzima huu! Lukasi anyooshe bodi, nipige filla ya kuziba mabonde, ikauke, halafu nipulize rangi jioni jua likishapoa. Nipe hata kesho."

"Mzee amesema leo." Ashrafu aliutazama ukuta wa karakana, penye alama kubwa ya X nyekundu. "Au ile mnaipenda ibaki?"

Safu yote ya mafundi wa Magomeni, mtaa wa mji mdogo usio mbali na Mikumi, ilipigwa X ya kubomolewa tangu masika, eti wamejenga juu ya njia. Cheo cha Bwana Lupakisyo hakuna aliyekijua sawasawa, ila kikao chochote cha viwanja hakikosi kiti chake, na yeye ndiye aliyewaambia mafundi kwamba atawasemea. Toka siku ile wanamtengenezea gari bila kutaja bei, na juu yake wanamshukuru. Cosmas hakuwa na karakana nyingine, wala shamba. Baba yake alikuja hapa kukata mkonge wa watu, akazeeka, akafa, na hakuacha hata kipande cha ardhi cha kuzikiwa.

Basi akafanya kazi.

Umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ya Lukasi, fundi bodi wa banda la jirani, iliisukuma kompresa ya kupulizia rangi kwa kukohoa. Thina ya kuchanganyia rangi aliileta Ashrafu mwenyewe, ile ya rahisi, inayokauka ukiifungua tu. Mabati ya paa yalikuwa yakilia kwa joto. Cosmas alimwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, kama alivyofanya miaka yote, ingawa alijua leo maji hayamsaidii. Rangi inataka nafasi ya kutulia, matone yatambae, yashikane, yawe ngozi moja. Upepo wa kompresa ulikuwa mdogo, ukatoa matone makubwa, na joto likayakausha kabla hayajaungana. Kila tone likaganda pale lilipoangukia.

Alipozima bunduki ya rangi aliinama, akautazama mlango kwa ubavu. Ulikuwa na vibonyo vidogo vidogo, yale mafundi wanayoyaita maganda ya chungwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Wateja wake aliwazoeza kufunga macho na kupitisha kiganja, wasisikie kitu.

"Inang'aa," alisema Ashrafu. "Inatosha."

"Haitoshi. Mwambie mzee anirudishie ikishakomaa, niisugue kwa msasa wa maji, niipige polishi. Asimwonyeshe mtu hivi."

Ashrafu alikuwa ameshawasha gari.

Jioni Cosmas alipita kwenye genge la mkewe. Devota alikuwa anapanga vitunguu tu.

"Nyanya ziko wapi?"

"Hujasikia? Mzee Abubakari kagongwa jana jioni. Barabara ya kwenda kijiji cha Ulaya, akiniletea mzigo. Gari jeupe, halikusimama. Wanasema mguu huenda ukakatwa."

"Baiskeli yake ile ya bluu?"

"Anayo nyingine? Baba Imani, mbona unauliza kitu unachokijua?"

Cosmas hakula usiku huo. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa.

Asubuhi gari lilirudi, lakini si kwa ajili ya polishi. Bwana Lupakisyo alishuka mbele. Nyuma alishuka kijana mwenye shati lililopigwa pasi, akajitambulisha kuwa ni Nickson, mpelelezi. Mafundi wakasimamisha nyundo.

"Shikamoo, mzee," alisema Cosmas.

"Marahaba, fundi wangu. Mwondoe kijana huyu wasiwasi. Mgonjwa mmoja huko wodini anasema gari jeupe, basi magari meupe yote yamekuwa yangu. Gari langu halijaguswa na fundi tangu mwaka jana. Si ndiyo, Ashrafu?"

"Ndiyo, mzee."

Nickson alipitisha kiganja mlangoni. "Ubavu huu unakwaruza, wa pili ni laini. Hii imepulizwa karibuni. Kazi ya nani?"

Lukasi akajitosa, kwa nia njema kabisa. "Afande, kama unamfikiria Cosmas, futa. Mimi namjua. Huyu hajawahi kutoa maganda ya chungwa hapa Magomeni. Hii kazi ya mlevi fulani huko."

"Umesikia," alisema Bwana Lupakisyo, akimtazama Cosmas, kisha akautazama ukuta wenye X, taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo. "Fundi wangu nitamwangalia. Nimeshasema."

Kunyamaza tu kungetosha. Sifa yake mwenyewe ilikuwa imemfungulia mlango. Na Abubakari angelala kule na mguu wake, na gari jeupe lisingekuwa la mtu yeyote.

"Ni kazi yangu," alisema Cosmas. Sauti ilimtoka ndogo. "Nimeipuliza jana mchana. Imeharibika kwa sababu ya jua na thina mbovu, na kwa sababu niliambiwa saa nane. Taa iliyovunjika niliitoa mimi, nikaweka nyingine. Ilikuwa na mbegu za nyanya. Na ubavu ulikuwa na rangi ya baiskeli."

Lukasi alijishika kichwa.

"Nani alikuambia saa nane?" aliuliza Nickson.

"Ashrafu. Kwa amri ya mzee."

"Mimi nilileta gari hapa kuoshwa," alisema Ashrafu, akiangalia viatu vyake. "Juzi. Nikaliacha na funguo."

Bwana Lupakisyo alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Kumbe! Gari liko kwake na funguo, linatoka, linarudi na damu ya watu, analipaka rangi. Na mimi nilikuwa namtetea."

"Mzee, si kweli! Waulize hawa wote gari lilikuja lini!"

Nickson aliwageukia mafundi. Kila mmoja alitazama ukuta wake, na kila ukuta ulikuwa na X.

"Lukasi?" Cosmas aliita.

Lukasi aliokota nyundo yake, akaigeuzageuza. "Mimi jana nilikuwa na kazi nyingi," alisema.

Mpelelezi alivuta pumzi. Hakuonekana kufurahi, lakini alitoa pingu. "Umekiri kupaka rangi. Mengine utayaeleza mbele. Tatizo gari letu halina mafuta."

"Tutumie langu," alisema Bwana Lupakisyo. "Serikali ni yetu sote."

Walimpeleka Cosmas nyuma, upande wa kushoto. Kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa, alitafuta pa kuegemea.

"Taratibu hapo, fundi," alisema Ashrafu. "Usiuguse mlango. Rangi bado mbichi."