Tangazo la Majani ya Chai

Apolonia alikuwa na miaka sitini na mitano, na hakuwa na picha hata moja ya marehemu mama yake. Alijua tu kwamba mama, akiwa msichana, alipigwa picha kule Mwadui kwa ajili ya tangazo la majani ya chai gazetini. Akaazimia kulitafuta. Alizunguka maduka ya zamani mjini Shinyanga, akaambulia patupu, mpaka akafika kwa Madhuben, bibi muuza vitambaa.

"Shikamoo, mama. Natafuta magazeti ya zamani."

"Marahaba. Magazeti ya mume wangu ninayo stoo, lakini ni mengi mno. Utachoka."

"Sichoki," alijibu Apolonia, akakaa sakafuni.

Kwa siku tatu alifunua kurasa za miaka ya hamsini: baiskeli, cherehani, dawa za homa, wanaume wenye tai wakisifia sabuni. Siku ya nne mkono wake ukasita. Mwanamke mwenye gauni la maua alikuwa akimimina chai kwenye vikombe vyeupe, akitabasamu. Chini waliandika "Bibi Rukia", lakini ule mwanya na lile kovu la shavuni vilikuwa vya Nkwimba, mama yake.

"Mama alisema gauni walimwazima tu, na vikombe wakaondoka navyo," Apolonia alisema, machozi yakimtoka. "Sisi nyumbani chai tuliiona kwa watu tu."

Madhuben akampa mkasi wa dukani. "Kata, mwanangu. Ukurasa huo ni wako."

Wiki ile ile picha ilikuzwa studio, ikatundikwa sebuleni kwake Ngokolo. Chini yake Apolonia aliandika kwa mkono wake: Nkwimba.