Chambo Kisicho na Mikwaruzo

Chambo cha mwisho alichochonga Orval Tackett hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na mjane wake alikuwa anahama Jumamosi. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Orval alikuwa jirani yangu, fundi bomba mstaafu. Kila majira ya baridi alichonga samaki wa mbao mwenye urefu wa shibiri moja, vipande vitatu vilivyoungwa kwa pini ili mwili uyumbe majini, mkia wa mpira, ndoana mbili za makucha matatu tumboni. Alimpaka rangi ya trauti, samaki wa maji baridi: mgongo wa kijani, madoa meusi, mstari wa waridi ubavuni. Kisha alikwenda naye Ziwa Cuervo, akasimama ukingoni na kumrusha mpaka besi mkubwa, samaki anayekula samaki wenzake, akubali kula. Besi hana meno ya kung'atia. Ana msasa mdomoni, na akikamata mbao anaacha mikwaruzo kwenye rangi. Chambo kikishakwaruzwa, na samaki aliyekikwaruza akashikwa mkononi kabla ya kurudishwa majini, Orval hakukirusha tena. Alikitundika kwenye msumari ukutani kwenye gereji. Ambacho hakikushika samaki hakikupata msumari. Ukuta mzima ulijaa, na hakuna kilichoingia kwa upendeleo.

Alikufa wiki aliyomaliza kupaka rangi hiki cha mwisho. Msumari wake alikuwa ameshaupigilia. Bi Verlene, mkewe, aliteremsha vyote akavifunga kwenye maboksi, akang'oa misumari akaitia kwenye kopo la kahawa, ili vyote viende naye mji wa Yuma kwa binti yake. Hiki kimoja alinipa juu ya ukuta wa ua, kimeviringishwa kwenye soksi ya marehemu.

"Chano," aliniambia, "wewe unavua."

Nilimjibu kwamba mimi navua kambare. Natia ini la kuku kwenye ndoana, nakaa kwenye kiti changu, nakunywa kahawa, samaki anakuja mwenyewe.

"Basi safari hii simama. Kiti utakikuta."

Angeweza kuwapa wavuvi wenzake Orval. Alisema hao nusu wangekiuza, na nusu wangemrudishia na uongo. Alitaka kikwaruzwe kwa haki, apigilie misumari yote huko Yuma bila kuacha mmoja mtupu. Nilichukua soksi.

Siku ya kwanza nilifunga chambo kwenye fimbo yangu ya kambare na kukirusha katikati ya ziwa kwa nguvu zote. Kilitua kama tofali. Bata waliondoka. Uzi kwenye kigurudumu ukafumuka ukawa kiota cha ndege, na wanaume wawili kando yangu wakaniuliza nimepiga bata wangapi kwa jiwe hilo.

Aliyekuwa upande wa pili hakucheka. Alikuwa Thuan Bui, anayesambaza rangi za kucha kwenye saluni za wanawake, anavua Cuervo kabla ya kuanza mzunguko wake wa kazi. Alikitazama chambo nilipokivuta nchi kavu, akajua mara moja ni mkono wa nani. Aliuliza nimekipataje. Nilimweleza. Akaninyang'anya fimbo yangu na kuilaza kwenye nyasi.

"Uzi huo utakatika hewani, na hiyo mbao itakwenda kuishi chini ya ziwa. Shika hii."

Fimbo yake ilikuwa nene kama mpini wa fagio, na uzi wa kubeba ratili ishirini na tano. Halafu akaanza kunifundisha, na kwa Thuan kufundisha na kutukana ni kitu kimoja.

"Mzee, umesimama kwenye ukingo wa maji kama mbwa anayekunywa. Besi mkubwa hayuko kule katikati unakotupa tofali. Yuko hapa miguuni pako, na ameshakuona."

Alinirudisha nyuma mpaka kwenye vichaka. Akanionyesha kurusha sambamba na ukingo badala ya kurusha mbali, kwa sababu trauti mgonjwa hujikokota kwenye kina kifupi na besi anajua hivyo. Kuvuta polepole, na ukidhani ni polepole, punguza tena. Kutembea, kurusha tena, kutembea. Chambo kikikaribia, usikinyanyue. Laza fimbo upande ili kigeuke, kwa maana besi aliyekifuata njia nzima huamua pale pale kinapogeuka. Na ukimwona anakula, usifanye kitu.

"Macho yatakudanganya," alisema. "Ngoja mkono uhisi uzito."

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Kambare ukichelewa anakula ini na kuondoka. Miaka yote mkono wangu umejifunza kuvuta uzi unapocheza, na huwezi kuuambia mkono usahau kwa siku moja.

Alhamisi lilikuja lori. Majira ya baridi yote lori la trauti huja na kumwaga samaki hai penye gati, kwa ajili ya wanaovua trauti, na besi wakubwa hutoka vilindini kuja kuwala kwanza. Siku ya lori mji mzima unaugua. Mimi naezeka mapaa, na nilimwambia bosi kwamba mgongo unaniuma. Haukuwa uongo, unauma siku zote.

Mchana alinifuata besi wa kwanza. Nilimwona nyuma ya chambo, kivuli kirefu chenye mdomo mpana kama mfuko. Nililaza fimbo, chambo kikageuka, mdomo ukafunguka. Nikavuta. Mbao ilitoka majini, ikapita sikioni mwangu ikanasa kwenye kichaka nyuma. Besi alibaki pale kidogo, kama mtu aliyeondolewa sahani mezani, kisha akazama.

Thuan alinasua chambo bila haraka. Alisema kambare wamenilea vibaya.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Tulikwenda upande wa mbali, penye mti uliozama tangu ziwa lilipojazwa, kwa sababu upepo ulikuwa unasukuma trauti dhaifu kule. Nilitembea na kurusha asubuhi nzima. Bega liliwaka moto. Thuan aliacha kunitukana, na hapo nikajua ameanza kukata tamaa.

Besi alikula pale pale chambo kilipogeuka, karibu na ukingo. Safari hii nilimwona na sikufanya kitu. Nilihesabu pumzi. Mkono ukahisi uzito, nikainua fimbo, na ikapinda mpaka kwenye kiganja. Alikuwa mkubwa kuliko samaki yeyote niliyewahi kumshika. Aliburuta uzi, akaingia moja kwa moja ndani ya matawi ya ule mti. Kisha kila kitu kikasimama.

Thuan aliniambia nilegeze uzi, kwamba mara nyingine hutoka mwenyewe. Nililegeza. Tulingoja. Nilimsikia mara moja moja akigonga kule chini, kwa hiyo bado alikuwemo.

Njia zilikuwa mbili. Kukata uzi, na chambo cha Orval kikabaki kwenye mti pamoja na samaki aliyefungwa. Au kuingia. Cuervo ni maji ya kunywa ya jiji. Kuna mbao za tangazo kila upande: ukiingia hata magotini, unafungiwa ziwa, huvui tena mpaka majira mengine ya baridi. Nilivua koti.

"Chano, usiingie." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Watakufungia. Ni mbao tu hiyo."

Niliingia. Maji ya Februari yalinikaba kifua. Tope lilinivua buti moja la mpira nikaliacha. Nilifuata uzi kwa mkono, tawi kwa tawi, mpaka vidole vikagusa mbao, kisha kitu kilichokuwa hai. Nilitia kidole gumba mdomoni mwake, kama wavuvi wa besi wanavyofanya, nikakaza juu ya taya. Nilikuwa naye. Nilimvuta kidogo nje ya matawi, uso wangu tu ukiwa juu ya maji. Hapo akatikisa kichwa. Ndoana ya nyuma ilinyooka kama sindano, ngozi ya kidole ikabaki kwake, na akaenda.

Nilitoka na chambo. Ubavuni, juu ya ule mstari wa waridi, kilikuwa na mikwaruzo mizuri, mirefu. Thuan alikifuta kwa shati lake akakitazama.

"Ulimshika. Nimeona kwa macho yangu, na nitamwambia mama huyo hivyo hivyo."

Hakuwa ameona kitu. Kichwa changu tu ndicho kilichokuwa juu. Lakini alisema vizuri, na kwa kweli njia nzima ya kurudi nilikuwa nayafanyia mazoezi maneno hayo.

Askari wa ziwa alitukuta penye gari. Binti mpole, aliniandikia karatasi ya kunifungia ziwa huku akiniomba radhi, na akanipa blanketi.

Jioni nilikwenda kwa Bi Verlene. Nyumba ilikuwa tupu, maboksi mlangoni. Alivaa miwani, akaipeleka mbao penye taa na kupitisha kucha juu ya kila mkwaruzo. Halafu akauliza.

"Ulimshika?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilimwonyesha kidole gumba.

"Nilimgusa," nikasema.

Alikitazama kidole, akakitazama chambo. Mikwaruzo ilikuwa ya aina moja. Alikaa juu ya boksi.

"Orval angeniuliza nyumba nzima inanuka nini, kama ningekitundika kwa uongo," alisema. "Kugusa siyo kushika, Chano."

"Najua."

"Basi hakijamaliza kazi." Alikirudisha ndani ya soksi akanipa. "Ukimaliza, unakileta. Yuma siyo mwezini."

Asubuhi nilimbebea maboksi mpaka kwenye gari la binti yake. Kopo la misumari alilipakata mwenyewe.

Gharama yake ni hii. Buti moja la mpira, lipo kwenye tope la Cuervo. Ndoana moja iliyonyooka. Ngozi ya kidole gumba, imeshaota tena. Ziwa lenyewe, mpaka majira mengine ya baridi. Na kule Yuma, kwenye ukuta wa gereji ambao sijauona, msumari mmoja usio na kitu.